Tuko Batatu

Misumari bado ipo. Ni minne, kila mmoja kwenye pembe yake ya chumba, juu kidogo ya pale mkono wangu unapofika, na kwenye mmoja kimebaki kipande cha kamba nyeupe ya nailoni iliyoanza kuingia vumbi. Niliiona tena siku ya tatu ya matanga ya Papa, nilipoingia chumbani mwake kutafuta shuka za wageni waliofika kutoka Likasi. Nje wanawake walikuwa wakisugua sufuria na kubishana nani alitia chumvi mara mbili, na vijana walikuwa wakipanga viti vya plastiki vya kukodi kwa ajili ya watu wa jioni. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa matanga, wa kusalimia kila anayeingia na kumweleza upya jinsi ilivyokuwa, kwamba ni moyo, kwamba aliamka vizuri, kwamba alikunywa hata chai. Nikakaa kwenye kitanda chake kupumzisha miguu. Nikaitazama ile misumari, na badala ya kumlilia Papa nikaanza kumlilia mtu mwingine, ambaye kwa siku zote tatu hakuna aliyekuwa amemtaja.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa darasa la sita la sekondari, la mwisho, na nyumba yote ilikuwa ikizunguka mtihani wangu wa serikali kama vile tungeufanya sote. Tulikaa hapa hapa mtaa wa Bel-Air, nyumba hii hii, vyumba viwili na sebule, na jiko la mabati kule nyuma. Chumba kimoja cha Papa na Mama. Cha pili tulikigawa kwa kabati la nguo: upande wa dirisha kitanda changu na mdogo wetu wa mwisho, Noëlla, ambaye tulimwita Nono, upande wa mlango kitanda cha Kaku, yaani bibi yetu, mama yake Papa. Wadogo zangu wa kiume watatu, Trésor na mapacha, walilala sebuleni kwenye magodoro ambayo kila asubuhi yalisimamishwa ukutani, na mgeni akiingia mapema aliyakuta yamesimama pale pamoja na harufu yake. Tulikuwa watu wanane. Hesabu hiyo sikuhitaji kuifanya mimi, kwa sababu Nono aliifanya kila jioni. Alikuwa na miaka mitano na ndiyo kwanza amejifunza namba, na alikuwa ameweka sheria kwamba hakuna kugusa bukari, ugali wetu, kabla hajatuhesabu. Mama analeta bukari ikifuka moshi, mboga ya matamba na samaki wadogo wa ndagala pembeni, tumeshanawa mikono, mapacha wanameza mate, na mtoto anazunguka akigusa kila bega. "Papa, moja. Mama, mbili. Kaku, tatu." Mwisho alijigusa kifua mwenyewe: "Na miye, munane." Hapo ndipo tulikula. Vichwa vya ndagala alikuwa anampa Kaku, kwa sababu alisema samaki wanamwangalia.

Papa alikuwa mtu mpole, fundi wa redio, mwenye kusalimia hata watoto kwa kuvua kofia. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akamwona vibaya. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilimwona vibaya, na ilinifaa sana kumwona hivyo, nitaeleza kwa nini.

Mwisho wa mwezi wa tisa, katika joto lile zito kabla ya mvua ya kwanza, Zaina alikuja mlangoni kwetu na daftari kubwa. Zaina alikuwa binti wa jirani, familia ya Waislamu wa kutoka Maniema, na mama yake, Mama Zaina, alikuwa akiazimana na Mama kila kitu kuanzia chumvi mpaka mwamvuli. Mwaka ule alikuwa amejitolea kuandikisha nyumba za mtaa wetu, maana vyandarua vilikuwa vinakuja, vya bure, vya kila nyumba. Chandarua ni neno la kitabu. Sisi tulisema moustiquaire na bado tunasema hivyo. Nyuma yake alisimama kijana ambaye kazi yake ilikuwa kushika chaki. Papa alikuwa amekaa kizingitini na redio ya mtu iliyopasuliwa mapajani.

"Bonjour, Papa Béa," Zaina akasema. Béa ni mimi.

"Bonjour, mwana wangu. Mama iko muzima?"

"Iko muzima, anakusalimia. Papa, tunakuya kwa ile recensement ya moustiquaire. Tunaomba tu kujua muko bantu ngapi banalala humu mu nyumba."

Papa aliweka bisibisi chini taratibu. "Tuko batatu," akasema.

Zaina alicheka, akidhani anataniwa. "Papa, vraiment."

"Batatu. Miye, Mama Béa, na Béa mwenyewe."

"Na Kaku?"

"Kaku alienda kwa ndugu yangu, kule Kasungami."

Kaku alikuwa nyuma ya pazia la chumba, hatua nne kutoka hapo, akikohoa ndani ya kitenge chake. Mapacha walikuwa wamefukuzwa uani tangu kijana wa chaki alipoonekana kwenye kona, na Trésor alikuwa shuleni. Mimi nilikuwa nimesimama sebuleni na kitabu changu cha biolojia, nimeona aibu mpaka masikio yananiwaka. Ndipo Nono akatokea jikoni, mikono imejaa unga, amefurahi kama mtu aliyesikia somo lake linaitwa.

"Tuko munane! Ya Zaina, tuko munane! Ngoja nitabahesabu!" Ya, kwa wadogo, ni dada mkubwa.

Papa hakugeuka. "Mutoto anacheza," akasema. "Andika vile nimesema."

"Papa, ni moustiquaire tu. Haiko kintu ingine. Banatoa moja kwa bantu babili. Kama muko munane, munapata ine. Kama muko batatu, munapata mbili tu, na..."

"Zaina. Chef de ménage, mukubwa wa nyumba, ni miye ama ni weye?"

"Ni weye, Papa."

"Basi andika tatu."

Akaandika. Aliandika akiwa ameinamisha kichwa, na kijana akachora kwenye mlango wetu namba ya nyumba kwa chaki, na chini yake tatu kubwa yenye tumbo. Walipopinda kona Papa aliniomba kitambaa chenye maji. Alifuta namba, akafuta ile tatu, akaingiza kidole katika nyufa za mbao kuondoa unga wa chaki uliobaki, kisha akaendelea kufuta hata pale ambapo hapakuwa pameandikwa kitu. Nono alisimama kando yake akimwuliza kama amekosea kuhesabu. "Apana," akamjibu. "Ulihesabu muzuri. Nenda kunawa."

Jioni ile nilikuwa nyuma ya jiko nikichagua maharage, nikawasikia. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika alishusha, na ndiyo maana tulijifunza kusikiliza.

"Utaficha batoto mpaka wakati gani? Ule ni Zaina. Ulimubeba ku mukongo mu matope, akingali mutoto."

"Hata ule wa kule alikuwa mutoto wa jirani," Papa akasema. "Hata ule alisema bonjour."

Kisha akaendelea, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. "Alikuya na cahier. Anauliza: muko ngapi, munatoka wapi. Nikamupa bote, majina na myaka. Nilifurahi, Mama Béa, juu nilizani banataka kutupatia kintu. Nikamusaidia hata kuandika majina muzuri, alikuwa anakosa kosa. Kisha wiki mbili banarudia na ile cahier yangu. Banasoma majina moja moja, sawa mwalimu mu kalasi. Uyu, atoke. Uyu, atoke. Ni mukono yangu njo iliandika."

"Ile iliisha," Mama akasema.

"Iliisha kwa nani?"

Mimi nilijua kulikuwa na miaka ambayo Wakasai, watu wetu, walifukuzwa, kama kila mtoto wa Mkasai anavyojua hapa Katanga. Nilikuwa na kumbukumbu yangu ndogo ya kulala stesheni juu ya masanduku, na ya kikombe cha bati kilichoibiwa. Lakini ile habari ya daftari sikuwa nimeisikia, na nitasema ukweli, haikunigusa jinsi ilivyopaswa. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Niliona tu kwamba baba yangu ametuaibisha mbele ya Zaina kwa ajili ya mambo ya zamani. Leo nina watoto, nimejaza fomu nyingi, na kila ninapofika mahali pa kuandika asili yako mkono wangu unasita kidogo. Wakati ule sikujua kusita ni nini.

Vyandarua tulivipokea kwenye uwanja wa shule, mimi na Mama, baada ya kusimama kwenye foleni mpaka jua la mchana. Viwili, ndani ya mfuko wa plastiki, vyeupe. Mama Zaina alitoka na vitano amevibeba kichwani, akatutazama, akapiga makofi. "Mama Béa! Batatu? Na ile bukari yote unapikaka, munakulaka batatu?" Wanawake wakacheka na Mama akacheka nao, kwa sababu ndivyo ilivyobidi.

Kila nyumba ilikuwa na maoni yake juu ya vitu vile. Waliambiwa wavitundike kivulini siku nzima kabla ya kulalia, dawa ipungue, na wengi hawakusubiri, wakaamka uso unawasha, wakaapa hawarudii. Nyumba ya kona walizungushia vifaranga. Wavulana wa kule uwanjani walipata goli lenye nyavu kwa mara ya kwanza, na mapacha walirudi wakisimulia jinsi mpira unavyobaki ndani. Ndugu wa Papa wa Kasungami alifunika kitalu chake cha kabichi, na sijawahi kuona kabichi nzuri kama zile. Kuna waliovihifadhi sandukuni pamoja na sahani za wageni, ili siku padri akija kulala akute kitu kisafi. Nasikia watu wa redio wakisema watu wetu hawakuelewa. Tulielewa. Kila mtu alikuwa na kitu alichoona kinamfaa zaidi kuliko mbu, kwa sababu mbu tulikuwa tumewazoea.

Kwetu aliyekataa wazi alikuwa Kaku. Siku tuliyovitundika uani alivizunguka na fimbo yake, akavitazama vikipepea, na uso wake ukabadilika. Hapa kwetu maiti analazwa nyumbani kwenye kitanda kilichozungushiwa voile nyeupe, tangu juu mpaka chini, na watu wanaingia kumwona kupitia kitambaa. Kaku alikuwa amezika mume na watoto wanne kwa namna hiyo.

"Miye siwezi ingia mu ile kintu," akasema. "Ile ni ya mufu. Siku yangu ikifika mutaningiza, miye nitakuwa sina kinywa ya kukatala."

Kwa hiyo ilikuwa rahisi kugawa. Kimoja kilitundikwa juu ya kitanda cha Papa na Mama. Papa alipigilia misumari minne mwenyewe, kwa uangalifu, akipima kwa kamba. Cha pili Mama alisema ni changu. "Ukigonjwa mu wakati ya examen, mwaka yote imeenda," akasema, na hakuna aliyebisha. Cha kwangu kilikuwa pia cha Nono, kwa sababu tulilala pamoja, na yeye alikipenda kuliko sote. Alikiita nyumba yetu. Aliingiza humo mwanasesere wake wa matambara, kikombe, na kijiko, na alibisha hodi kabla ya kuingia: "Ya Béa, naweza ingia?" Nikisema ndiyo aliingia akitambaa na kunikumbusha nichomeke pembe chini ya godoro, kama Zaina alivyomwonyesha.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikizunguka. Nono alilala vibaya. Alipiga mateke, alichomoa pembe za chandarua, alizungumza usingizini, na mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kusoma. Nilivumilia mpaka mwezi wa kumi na moja. Asubuhi moja nilikuwa na jaribio la hesabu, kichwa kinaniuma, na yeye alikuwa anatafuta kijiko chake chini ya mto wangu. Nikamwambia: "Kuanzia leo nenda kwa Kaku."

"Na nyumba yetu?"

"Nenda kwa Kaku, nimesema."

Akachukua mwanasesere, kikombe na kijiko, akavuka kabati. Mama aliuliza kidogo. Alifikiria kumweka kitandani kwao, lakini Papa alisema mtoto wa miaka mitano ni mkubwa kulala na wazazi, na Mama mwenyewe aliona hivyo. "Ni mpaka examen tu," wakasema. Sitasema kwamba sikufikiria kuwa upande wa Kaku hakuna kitu. Nilifikiria. Nilifikiria na nikalala vizuri, na jaribio nikalifaulu.

Mvua ilikuja kwa nguvu mwaka ule. Mfereji wa mbele ya nyumba ulijaa ukakaa hivyo kwa wiki, kijani, na jioni mbu walikuwa wanaimba mpaka unasikia juu ya redio. Malaria nyumbani kwetu ilikuwa jambo la kila mtu na zamu yake. Mtu aliumwa, alikunywa dawa, alilala siku mbili chini ya blanketi, alipewa chai yenye sukari nyingi na mkate, na wengine walimwonea wivu wa mkate. Nono alipopata homa mwezi wa pili, Mama alimpa sirapu, na kesho yake alikuwa anacheza. Siku iliyofuata alikaa tu kando ya Kaku. Jioni bukari ikaja, tukanawa, tukasubiri. Mapacha wakaanza kunong'ona kwamba inapoa.

"Nono," Papa akamwita, "tuhesabu."

Alitutazama kama tuko mbali. "Muhesabu benyewe," akasema.

Papa aliweka mkono kwenye shingo ya mtoto, akasimama, akamweka mgongoni. Bukari hatukuila. Nilimfuata na mwamvuli, tukipita katika maji ya barabara, na nilikuwa nasikia pumzi za Nono kuliko mvua. Kituo cha afya hakikuwa mbali. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa mikono. Alimtoboa kidole, akavuta kope la chini la jicho lake akatazama ndani, na nikaona uso wake unakaza. Alifanya kazi yake yote huku akiuliza. Homa imeanza lini. Ametapika. Amekunywa dawa gani. Kisha: "Analalaka ndani ya moustiquaire?"

"Ndiyo," Papa akasema.

Muuguzi alinyanyua macho akaniangalia mimi, kama wanavyofanya wakitaka kuthibitisha. Papa hakuniangalia. Alikuwa anatazama viatu vyake vyenye matope, na nilielewa kwamba mtu aliyesema batatu hawezi kusema sasa kwamba anaye wa nane, na kwamba yuko tayari kusema lolote ili wasimwulize zaidi. Mimi sikuwa na daftari la kuogopa. Mimi nilikuwa na maneno matatu tu, nenda kwa Kaku, na ningeweza kuyasema pale.

"Ndiyo," nikasema. "Analala na miye."

Ukweli usingebadilisha dawa. Nimewauliza madaktari tangu hapo, wawili, kwa nyakati tofauti, na wote walinijibu hivyo. Damu ilikuwa imeshakwisha. Walitupeleka hospitali kubwa usiku ule ule, wakamwongezea, na Nono alikufa kesho yake saa tano asubuhi, Mama akiwa amemshika mguu. Tulimlaza sebuleni, pale magodoro yanaposimamishwa. Majirani walileta voile nyeupe, wakaizungusha. Kaku alikataa kutoka pembeni yake. Zaina alikuja, akaosha vyombo siku tatu bila kuinua kichwa, na hakusema neno juu ya daftari lake, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipoolewa akahamia Ruashi.

Siku baada ya maziko Papa alipanda kwenye kitanda chake akakata kamba kwa kisu cha redio. Hakutoa misumari. Alikipeleka chandarua upande wa Kaku, akakitundika, na Kaku, aliyesema kitu kile ni cha maiti, aliingia ndani na kulala kama mtoto aliyeadhibiwa. Cha kwangu niliwapa wavulana nikasema kinanibana pumzi. Papa hakulala tena chini ya chandarua mpaka anakufa.

Mtihani nilifaulu. Siku matokeo yalipotoka vijana walikuwa wanakimbia mtaani wamemwagiwa poda nyeupe kichwani, kama kawaida ya wanaofaulu, na kina mama walipiga vigelegele mpaka barabara kubwa. Mama alitoka na kopo la poda, akaninyunyizia kidogo kwenye paji, kiganja chake kikabaki hapo. Papa alivua kofia. "Ulifanya muzuri," akaniambia. Jioni Mama alipika kuku. Tukanawa mikono, tukaketi, na hakuna aliyegusa. Tulikaa hivyo muda mfupi, sote saba, tukisubiri kitu, mpaka Trésor akanyoosha mkono. Hata leo, nikiwa na watoto wangu mezani, nachelewa kidogo kabla ya tonge la kwanza, na wao wanadhani nasali.

Hatukulizungumza kamwe. Kampeni za vyandarua zilirudi baada ya miaka, zikarudi tena, na kila mara watu wa daftari walipoonekana kwenye kona Papa alivaa kofia, akatembea mpaka mwisho wa barabara, akasimama huko mpaka waondoke. Mama ndiye aliyejibu, na alisema namba ya kweli. Mimi nilipoachana na mume wangu nikarudi hapa na watoto wawili, nilianza kumwuguza Papa, na mwaka jana, homa zilipomzidi, niliingia chumbani mwake na chandarua kipya. Nilikuwa nimeshafunga kamba kwenye msumari wa kwanza.

"Toa," akasema.

"Papa, juu ya nini? Unagonjwa kila mwezi."

"Miye nilijiandika mara moja, mu bale batatu. Inatosha."

Nilikuwa nimesimama juu ya kitanda chake, kamba mkononi. Ningeweza kushuka, nikakaa karibu naye, nikamwambia: Papa, hata ungeandikisha munane, ningemfukuza tu, hata kwa vyandarua vile viwili yeye alikuwa na nafasi, na mimi ndiye niliyemtoa. Ulibeba mzigo wote peke yako na mimi nikakuacha uubebe, kwa sababu wewe ulikuwa na namba ambayo kila mtu aliisikia na mimi nilikuwa na neno la chumbani. Nikakata kamba, kikabaki kile kipande. Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Siku ya tano ya matanga walikuja. Sikuwa najua kama kampeni imeanza. Unapokuwa na msiba hujui hata ni siku gani. Alikuwa binti mdogo mwenye fulana ya kazi, na badala ya daftari alikuwa na simu. Aliona viti na wanawake waliovaa sare ya kitenge, akataka kurudi nyuma. "Pole sana, Mama. Tutarudia siku ingine."

Mama alikuwa amekaa chini kwenye godoro la wafiwa, mgongo ukutani. "Béa," akasema, macho amefumba. "Weye njo ujibu."

Nikatoka mpaka kizingitini, pale pale Papa alipokuwa anakaa na redio zake.

"Muko bantu ngapi banalala humu mu nyumba?" binti akauliza.

"Tuko ba..." nikasema, na neno la Papa lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, zima, na sauti yake. Nikaogopa. Niliogopa kweli, mwanamke mzima mchana kweupe, mbele ya mtoto mwenye simu. Nikashika mbao ya mlango.

"Andika majina," nikamwambia. "Nitakupa moja moja, na nitakusaidia kuandika muzuri." Nikamtaja Mama. Nikajitaja mimi. Nikamtaja Trésor, anayelala bado sebuleni, peke yake siku hizi, nikawataja watoto wangu wawili, na kila jina alilirudia akigusa kioo kwa kidole gumba.

"Ni bote, Mama? Batano?"

"Iko mwingine. Noëlla."

"Noëlla. Iko na myaka ngapi?"

"Tano."

Nyuma yangu godoro lilitoa sauti. Mama alikuwa amefumbua macho. Binti aliandika, kisha akauliza swali lake la mwisho, lile wanalouliza kwa watoto wadogo, ili wajue vitanda.

"Uyu wa myaka tano, analalaka na nani?"

"Na miye," nikasema. "Analala na miye."